Ozoni: Mlinzi wetu angani, mchokozi wa kifua cha mtoto

Mama mmoja anayeuza vitenge Kariakoo alinijia kliniki akiwa amemshika mkono mwanawe wa miaka saba. Mtoto alikuwa amekohoa siku tatu, zaidi usiku, na kifua kilikuwa kikipiga filimbi hata bila kukiwekea kipimo. Nilimpa dawa ya kufungua njia ya hewa, na alipoanza kupumua vizuri mama yake akaniuliza swali ambalo sikulitarajia.

“Dokta, nimesikia tabaka la ozoni limetoboka, ndiyo maana watoto wa mjini hawaishi kukohoa. Sasa kuna mashine nimeonyeshwa. Unaichomeka kwenye umeme, inatoa ozoni chumbani usiku kucha na kusafisha hewa. Nimeshaanza kuweka akiba. Niinunue?”

Nikamuuliza iko wapi pampu ya mtoto, ile ya kuzuia, ya kutumia kila siku. Akainamisha macho. “Ipo kabatini. Bibi yake amesema mtoto akiizoea hataiacha tena.”

Nilimjibu kwa kifupi: mashine usinunue, na pampu itoe kabatini leo hii. Lakini swali lake lilistahili jibu refu zaidi, na najua si yeye peke yake anayejiuliza. Jibu hilo ndilo ninalokuletea wiki hii, mpenzi msomaji.

Gesi moja, mahali pawili

Oksijeni tunayovuta ina atomu mbili zilizoshikana. Ozoni ni ndugu yake mwenye atomu tatu. Hiyo ya tatu haitulii. Ikikuta kitu cha kushikamana nacho, inakivamia na kukibadilisha. Ndiyo maana mitambo mingine ya kusafisha maji hutumia ozoni kuua vijidudu. Na kwa nguvu hiyo hiyo, ozoni huchubua utando laini wa koo na mapafu ya binadamu.

Karibu asilimia 90 ya ozoni yote iko juu sana kuliko zinakoruka ndege nyingi za abiria, hasa kati ya kilomita 15 na 35 kutoka ardhini. Huko ni mlinzi wetu, kwa sababu inazuia sehemu kubwa ya mionzi mikali ya jua iitwayo urujuanimno, inayounguza ngozi na kuharibu macho. Lakini si nyingi. Ingekusanywa yote na kuteremshwa hadi hapa chini tulipo, ingekuwa tabaka lenye unene wa milimita 3 hivi, na kwetu karibu na ikweta huwa nyembamba kuliko wastani huo.

Ile asilimia 10 inayobaki iko kwenye hewa ya chini, pamoja na hii tunayoivuta. Hii haitoki moja kwa moja kwenye ekzosi ya gari. Inapikwa, na jiko lake ni jua. Moshi wa daladala, malori, bodaboda na jenereta una gesi za oksidi za naitrojeni. Mvuke wa petroli, rangi na gundi, pamoja na moshi wa takataka zinazochomwa, una gesi nyingine. Zikikutana chini ya jua kali kwa saa kadhaa, ozoni huzaliwa.

Na lile “tundu” je? Liliripotiwa Mei 1985 na Waingereza watatu, Joe Farman, Brian Gardiner na Jonathan Shanklin, juu ya Antaktika, kule kwenye barafu ya kusini kabisa mwa dunia. Haliko juu ya Dar es Salaam. Hata lingekuwapo, lingetuletea madhara ya ngozi na macho, si kikohozi. Kwa hiyo mama yule alikuwa amefungamanisha mambo mawili tofauti: kupungua kwa ozoni ya juu, na kuzidi kwa ozoni na moshi huku chini.

Wataalamu wanaionaje?

Utajiuliza, gesi isiyoonekana kwa macho inapimwaje kilomita 30 angani? Kama umewahi kulazwa au kumpeleka mtoto dharura, unakijua kile kifaa kinachobanwa kidoleni kikaonyesha kiasi cha oksijeni kwenye damu. Hakitoi hata tone la damu. Kinapitisha mwanga kwenye kidole na kuangalia mwanga gani umemezwa njiani. Setilaiti hufanya kazi inayofanana na hiyo. Inatazama mwanga wa jua unaorudi kutoka duniani, na kwa kuwa ozoni humeza rangi fulani za mwanga huo, kiasi kilichopungua kinaeleza kiasi cha ozoni kilichopo. Huko ndiko kupima kwa mbali: kujua hali ya kitu bila kukigusa.

Ila kuna ugumu ambao daktari wa wajawazito ataufahamu haraka. Ukitaka kusikiliza moyo wa mtoto tumboni, mapigo ya mama yako njiani. Vivyo hivyo, setilaiti ikitazama kutoka juu, ile asilimia 90 ya ozoni ya juu iko njiani, na ile ya chini inayotuumiza inajificha nyuma yake. Mwanasayansi wa anga wa Marekani, Anne Thompson wa NASA, aliutafutia ugumu huu dawa. Mwaka 1998 yeye na wenzake walianzisha mtandao wa vituo vya nchi za joto na kusini mwa dunia, uitwao SHADOZ, vinavyorusha maputo yenye kipimo cha ozoni. Puto linapanda kutoka ardhini likipima hewa hatua kwa hatua, hadi kilomita 30 hivi ambako hupasuka. Hapo mtaalamu anajua ozoni ipo kiasi gani katika kila kimo, na anaweza kusahihisha hesabu za setilaiti.

Kimoja cha vituo hivyo kipo kwa jirani zetu: Nairobi, Dagoretti Corner, kwenye Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, ambako puto hurushwa kwa kawaida mara moja kwa wiki. Ndani ya kipimo chake mna kimiminika chenye aidini, jamaa wa madini joto unayoyasoma kwenye pakiti ya chumvi. Hewa yenye ozoni ikipita humo, inazalisha umeme mdogo sana. Ozoni ikizidi, umeme unazidi. Takwimu zinazotoka huko hutolewa bure kwa mtafiti yeyote.

Kazi ya aina hii imetufundisha jambo linalotuhusu sana. Kuanzia miaka ya 1980, watafiti wanaotumia setilaiti, akiwamo Jack Fishman, waliona ozoni nyingi ya hewa ya chini juu ya bahari ya Atlantiki kati ya Afrika na Brazili, hasa Agosti hadi Oktoba. Bahari haina magari. Safari za utafiti za mwaka 1992 zilionyesha kwamba chanzo kikubwa ni moshi wa nyika zinazochomwa Afrika na Amerika Kusini wakati wa kiangazi. Moshi wa shamba la mtu mmoja, ukichanganyika na wa maelfu ya wengine, husafiri kuvuka bahari.

Nukta moja inaifunika Kariakoo yote

Sasa turudi mjini. Kipimo cha Ulaya kiitwacho TROPOMI, kilichopaa Oktoba 2017 kwenye setilaiti ya Sentinel-5P, hupita juu yetu kila siku mnamo saa saba na nusu mchana. Kinapima ozoni na pia gesi za moshi wa magari. Nukta yake moja ina ukubwa wa kilomita 3.5 kwa 5.5 hivi. Fikiria eneo hilo ukiwa umesimama mnara wa saa. Ndani ya nukta hiyo wanaweza kuingia Kariakoo, Gerezani, Jangwani na sehemu ya Upanga, na wote wakapewa namba moja. Mawingu ya masika nayo huiziba.

Lakini mtoto havuti hewa ya nukta nzima. Anavuta hewa ya mlango wa duka mtaa wa Msimbazi ambako bodaboda kumi zimewashwa zikisubiri abiria, au hewa ya chumba chenye jiko la mkaa. Setilaiti inatusaidia kuijua hali ya jiji na ya nchi. Hewa ya mlangoni kwako unatakiwa uichunguze wewe.

Na hapa kuna jambo ambalo huwashangaza wengi. Katikati ya foleni ya Kariakoo, ozoni mara nyingi huwa ndogo kuliko ungedhani, kwa sababu moshi mbichi wa magari huila. Adui mkubwa hapo ni chembe ndogo za moshi na vumbi pamoja na gesi za ekzosi. Lakini mchana upepo wa bahari huusukuma moshi huo kuelekea bara, nao ukiwa njiani jua linaendelea kuupika. Hivyo ozoni huweza kuzidi mchana na alasiri katika maeneo yaliyo mbali na foleni, upande unakoelekea upepo. Mzazi anayemhamishia mtoto pembezoni mwa jiji ili kuikimbia pumu asidhani amemaliza kazi. Pumu inataka matibabu popote mtoto alipo.

Mtoto aliyevuta ozoni nyingi hukwaruzwa na koo, hukohoa, na huhisi maumivu kifuani akivuta pumzi ndefu. Mwenye pumu anaweza kubanwa kabisa. Barakoa ya kitambaa haizuii ozoni, kwa kuwa ni gesi. Kinachosaidia ni kupunguza michezo ya kukimbia nje kati ya saa sita mchana na saa kumi alasiri siku za jua kali na hewa nzito, na kuipeleka kwenye saa za asubuhi, mbali na barabara yenye foleni. Sisemi mtoto asicheze. Mtoto mwenye pumu iliyodhibitiwa vizuri anatakiwa acheze mpira kama wenzake.

Kuhusu ile mashine

Sasa unaona kwa nini nilimkataza mama yule. Gesi ambayo Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2021, limesema isizidi wastani wa maikrogramu 100 katika mita ya ujazo ya hewa kwa saa 8, yeye alitaka kuizalisha chumbani, mlango umefungwa, mtoto wa pumu amelala. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, limeonya kwamba mashine za namna hii zinaweza kuzidisha viwango vya usalama hata mtumiaji akifuata maelekezo, na kwamba ozoni kwa kiasi kisichodhuru mapafu haina uwezo wa maana wa kusafisha hewa. Mamlaka ya dawa ya nchi hiyo, FDA, nayo inaitaja ozoni kuwa gesi yenye sumu isiyo na matumizi ya tiba yanayojulikana.

Ukisikia harufu kali kama ile ya duka la fotokopi ambalo mashine zake hazijapumzika tangu asubuhi, jua huenda ni ozoni. Watu huiita “harufu ya usafi”. Fungua madirisha, zima mashine.

Pampu nayo ina historia na ozoni

Pengine hujui kwamba zamani pampu za pumu zilisukuma dawa kwa gesi za CFC, zile zile zilizokuwa kwenye mafriji na zilizokuwa zikiila ozoni ya juu. Septemba 16, 1987 mataifa yalitia saini Itifaki ya Montreal kuzikomesha, na Tanzania ilijiunga mwaka 1993. Mafriji yalibadilishwa, na pampu nazo zikabadilishiwa gesi bila wagonjwa kukosa dawa. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria mwaka 2022 kwamba, tukiendelea hivi, tabaka la ozoni litarudia hali ya mwaka 1980 kufikia 2040 hivi katika sehemu kubwa ya dunia, na 2066 hivi juu ya Antaktika. Kwa hiyo unapompeleka fundi friji la zamani, mwombe aitoe gesi kwa mtungi wa kuikusanya, asiiachie hewani.

Kuhusu hofu ya bibi: pampu haileti uraibu. Mtoto haizoei kama mtu anavyozoea sigara. Anaihitaji kwa sababu ugonjwa upo, kama mwenye kisukari anavyohitaji dawa zake. Pampu ziko za aina mbili. Ya kufungua, ambayo mara nyingi ni ya bluu, hutumika mtoto akibanwa. Ya kuzuia hutumika kila siku hata akiwa mzima, na huchukua wiki kadhaa kuonyesha nguvu yake yote. Baada ya kuivuta, mtoto asukutue mdomo kwa maji na kuyatema. Anayetegemea ya bluu peke yake, tena mara kwa mara, yuko hatarini.

Mtoto pia anahitaji chemba ya kuvutia dawa, ambayo wauguzi huiita spesa, kwa sababu bila hiyo dawa nyingi hubaki mdomoni. Kama huna ya dukani, chupa safi ya plastiki ya nusu lita inaweza kutumika. Utafiti wa Afrika Kusini uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba chupa iliyotengenezwa vizuri ilifungua vifua vya watoto vizuri kama chemba ya kiwandani. Tundu hutobolewa kwenye kitako, lenye umbo la mdomo wa pampu, libane bila kuvujisha hewa. Mtoto anaweka midomo kwenye mdomo wa chupa, unabonyeza mara moja, anavuta na kutoa pumzi taratibu mara tano au sita, ndipo unabonyeza tena. Mwombe muuguzi aikague kabla hujaitegemea.

Nyumbani na dukani

Jiko la mkaa lisiwashwe ndani ya chumba cha kulala, hata siku ya mvua. Mbali na moshi, mkaa hutoa gesi ya kaboni monoksidi isiyo na harufu, inayoua watu usingizini. Ukiweza kuhamia gesi au umeme, hata kwa chai ya asubuhi tu, umempunguzia mtoto mzigo. Nyunyizia maji kabla ya kufagia duka. Takataka zipelekwe kwa mzoaji, zisichomwe uani. Asivute mtu sigara ndani ya nyumba.

Usisahau pia ngozi na macho. Ozoni ya juu inazuia mionzi mingi, haizuii yote, na jua la Dar linapofika utosini kipimo cha mionzi hiyo hufika 11 au zaidi, ambacho ni kiwango cha juu kabisa cha tahadhari. Kwa ndugu zetu wenye ualbino hili ni suala la uhai, kwa kuwa saratani ya ngozi huwapata mapema. Kofia pana, mikono mirefu, kivuli mchana, na mafuta ya kukinga jua. Mafuta hayo hutengenezwa hapa nchini, katika kituo cha magonjwa ya ngozi cha KCMC, Moshi, kwa ajili yao.

Usisubiri asubuhi

Mpeleke mtoto hospitali mara moja, huku ukiendelea kumpa pampu ya kufungua njiani, ukiona moja kati ya haya: anashindwa kumaliza sentensi au kunyonya kwa sababu ya pumzi, ngozi ya katikati ya mbavu inaingia ndani akivuta hewa, midomo au ulimi unakuwa wa bluu, analegea au kusinzia, au dawa ya kufungua inaisha nguvu kabla ya saa nne kupita. Kifua kilichokuwa kikipiga filimbi kikinyamaza ghafla huku mtoto bado anahangaika kupumua, hajapona. Hewa haipiti.

Mama wa vitenge alirudi baada ya wiki nne. Mtoto alikuwa ameanza kulala usiku bila kukohoa. Jiko limehamia kibarazani, na akiba ya mashine imenunua pampu nyingine ya kuzuia. Mkobani alikuwa na chupa ya maji aliyoitoboa mwenyewe, ameileta niikague. Tundu lilikuwa kubwa kidogo, hewa ikivuja, tukalibana kwa plasta.

Nawe ukija kliniki, njoo na pampu ya mtoto, uniletee na chupa yake, nimwone akivuta mbele yangu. Mara nyingi dawa iko sawa, ila mkono wa kuibonyeza ndio unaohitaji kuelekezwa.